Pumu Hii Ameitoa kwa Nani?

Damu ya kitovu, mkojo na pumzi ya mtoto vimewasaidia wanasayansi kulijibu swali ambalo kwa miaka mingi limewaelemea akina mama peke yao.

Mtoto akibanwa na kifua usiku wa manane, hakuna alalaye nyumbani. Mmoja hufungua dirisha, mwingine hutafuta inhela chini ya mto, na bibi hukaa kitandani akimsugua mjukuu mgongo. Asubuhi, hali ikishatulia na chai ikishaandikwa, ndipo hutamkwa swali lililokuwa likizunguka ndimini: pumu hii ameitoa kwa nani?

Mara nyingi jibu huwa limeshapangwa. Mavyaa hukumbuka kwamba katika ukoo wa mkaza mwana kulikuwa na mjomba mwenye kifua. Upande wa mke nao humkumbuka babu wa upande wa pili aliyekuwa hatembei bila dawa mfukoni. Baina ya koo hizo mbili, aliyebeba mimba ndiye abebaye lawama. Mambo haya hufika hata kwenye posa. Wako wazazi wanaomwambia binti afiche inhela yake mpaka ndoa ipite, kana kwamba kifua kilichobana ni aibu ya kufunikwa na buibui.

Swali lenyewe si la kipuuzi. Ni kweli kwamba pumu hufuata koo, na mtoto ambaye mzazi wake anayo yuko karibu zaidi na kuipata kuliko mwenzake. Lakini jibu la nasaba peke yake ni nusu ya jibu, na nusu hiyo imewaumiza watu wengi. Wanasayansi wamejifunza kuuliza swali lilo hilo kwa njia nyingine: hawaulizi jamaa, wanauliza mwili wa mtoto mwenyewe. Yaliyojulikana kwa njia hiyo yana faida kwa kila nyumba yenye mtoto mwenye kifua.

Mwili huweka kumbukumbu

Mgonjwa wa kisukari anakijua kipimo cha sukari cha miezi mitatu. Anaweza kumwambia daktari kwamba halua hajaionja tangu Idi, lakini chembechembe nyekundu za damu yake zimeshaandika habari yote. Kipimo cha namna hiyo, kinachosoma alama iliyoachwa mwilini, ndicho wataalamu wakiitacho kiashiria cha kibiolojia, au bayomaka.

Hapa Mombasa tumeshaona nguvu ya alama hizo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu ya risasi katika hewa, maji na udongo. Hoja haikumalizwa kwa maneno ya wakaazi peke yao. Risasi ilipimwa katika damu za watoto, na damu hizo zikawa shahidi. Phyllis Omido, mama aliyekiongoza kilio hicho baada ya mwanawe mwenyewe kupatikana na risasi mwilini, alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Kwa ugonjwa wa pumu, alama zinazotafutwa ni za aina tatu. Za kwanza huonyesha mtoto amevuta nini. Nikotini ya sigara, kwa mfano, ikishaingia mwilini hugeuka kuwa kitu kiitwacho kotinini, nacho huonekana katika mkojo, mate na damu. Baba anaweza kuapa kwamba huvutia sigara yake barazani tu, lakini mkojo wa mwanawe utaonyesha kama moshi ulimfikia katika siku mbili tatu zilizopita.

Alama za pili huonyesha mwili umejibu vipi. Ipo kingamwili iitwayo IgE, iliyotambuliwa katikati ya miaka ya 1960 na mtu na mkewe, Kimishige na Teruko Ishizaka, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani. IgE ndiyo inayopiga kengele mtu mwenye mzio anapokutana na vumbi, manyoya ya paka au kinyesi cha mende. Zipo pia chembechembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, ambazo huongezeka kwa watoto wengi wenye pumu ya mzio. Na ipo gesi ya naitriki oksaidi katika pumzi, ambayo huzidi njia za hewa zinapovimba kwa uvimbe wa namna hiyo. Mtoto hupuliza tu kwenye kifaa, bila sindano.

Alama za tatu ni za urithi, yaani jeni alizozaliwa nazo mtoto. Hizi hazielezi yaliyompata. Huonyesha ni wapi mwili wake ni mwepesi wa kudhurika.

Mtafiti akizipanga aina hizo tatu pamoja, huweza kufuata safari nzima: moshi ulioingia, mwili ulioshtuka, na sababu iliyofanya mtoto huyu ashtuke na nduguye asishtuke.

Akina mama wa New York na mikoba yao

Mfano mmojawapo wa kazi hii ulianza New York mwaka 1998, katika Chuo Kikuu cha Columbia, chini ya mwanasayansi Frederica Perera. Wanawake wajawazito zaidi ya 700 walikubali kushiriki. Walikuwa Wamarekani weusi na wanawake wenye asili ya Jamhuri ya Dominika, wakaazi wa Harlem, Washington Heights na Bronx Kusini, mitaa iliyobanana, yenye magari mengi ya dizeli, majengo makuukuu na watoto wengi wenye pumu. Wote walikuwa si wavutaji wa sigara.

Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kila mmoja alipewa mkoba wa mgongoni uliokuwa na kifaa cha kunasa hewa. Aliubeba kwa saa 48, kazini, sokoni na jikoni, na usiku akauweka karibu na kitanda. Kifaa kilivuta hewa ileile aliyoivuta yeye. Alipojifungua, damu yake na damu ya kitovu cha mtoto zilichukuliwa na kuhifadhiwa. Kisha watoto wakafuatwa mwaka baada ya mwaka: nani anakohoa, nani kifua chake kinalia, nani amepata mzio.

Walichokitafuta hasa ni kemikali za moshi ziitwazo kwa kifupi PAH. Hizi huzaliwa kila kitu kinapoungua bila kuteketea sawasawa: dizeli, makaa, kuni, tumbaku, taka. Zilipatikana katika hewa ya karibu kila mama. Kilichoshtua zaidi kilikuwa katika damu ya kitovu. Ilikadiriwa kwamba mtoto aliye tumboni hupokea kama sehemu moja tu ya kumi ya kiasi anachopokea mama, kwa kuwa kondo la nyuma humkinga. Hata hivyo, alama za kemikali hizo zilizoganda kwenye DNA ya mtoto mchanga zilikaribia kuwa sawa na za mamake, na pengine kuzidi. Kinga ipo, lakini kiumbe kile ni dhaifu mno, na kidogo kimfikiacho humwachia alama kubwa.

Mwaka 2009 watafiti haohao walitoa taarifa nyingine. Jeni zina namna ya kuzimwa bila ya kuharibiwa. Viungo vidogo vya kemikali hushikamana nazo na kuzinyamazisha, mithili ya taa iliyofunikwa kwa kitambaa: taa ni nzima, ila mwanga hautoki. Katika damu ya kitovu ya watoto 56, watafiti waliona kwamba pale mama alipokuwa amevuta PAH nyingi, jeni moja iitwayo ACSL3 ilielekea kuwa na alama hizo za kufunikwa, na watoto wenye alama hizo walielekea zaidi kuonyesha dalili za pumu kabla ya kutimiza miaka mitano. Watoto 56 ni wachache, na jambo moja lililoonekana mara moja halitoshi kuwa hukumu. Lakini lilifungua mlango wa kuelewa kwamba hewa ya mtaani inaweza kugusa jinsi urithi wa mtoto unavyofanya kazi hata kabla hajazaliwa.

Uchunguzi wa baadaye wa watoto haohao, uliochapishwa mwaka 2013, uliongeza mambo mawili: mende na jeni. Watoto waliokuwa na vumbi la mende nyumbani walielekea kupata mzio wa mende. Hatari hiyo ilizidi kwa wale ambao pia walikuwa wamefikiwa na moshi mwingi wakiwa tumboni, na ilionekana waziwazi kwa watoto waliozaliwa bila jeni ya GSTM1, ambayo kazi yake ni kusaidia mwili kuzisafisha kemikali za moshi. Watu wengi ulimwenguni hawana jeni hiyo, na wala hawajui, kwa sababu peke yake haiwasumbui. Mende, moshi na jeni vilipokutana ndipo hatari ya mzio ilipozidi.

Sasa turudi kwenye swali la asubuhi. Mtoto wa namna hiyo, pumu ameitoa kwa nani? Kwa mzazi ambaye hakuwa na GSTM1 ya kumrithisha? Kwa dereva wa lori? Kwa mwenye nyumba asiyeziba nyufa ambamo mende huzaliana? Jibu la haki haliwezi kumwekea mama mzigo wote.

Urithi hubadilika sura kwa mahali

Sisi watu wa Pwani tuna sababu ya kulielewa jambo hili upesi, maana damu zetu zimewahi kulifundisha ulimwengu. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kwamba alama ya selimundu ni nyingi Pwani na kandokando ya ziwa Viktoria, lakini ni haba katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alionyesha sababu yake: aliyerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu. Urithi uleule, penye mbu wa malaria ni ngao, na pasipo mbu hao hauna faida yoyote.

Katika pumu pia iko hali kama hiyo. Mwaka 2007 wanasayansi waligundua kwamba sehemu moja ya kromosomu ya 17, karibu na jeni iitwayo ORMDL3, inahusiana na pumu ya utotoni. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa familia za Ufaransa ulionyesha kwamba hatari ya urithi huo ilizidi kwa watoto waliovutishwa moshi wa sigara wakiwa wadogo. Kisha mwaka 2016 ikachapishwa habari ya watoto wa mashambani Ulaya: wale wenye urithi huohuo wa hatari, lakini waliozoea mazizi ya wanyama tangu uchanga, kifua chao kililia mara chache zaidi. Jeni ileile, penye sigara ilidhuru zaidi. Penye zizi, madhara yake yalipungua.

Ushahidi mwingine ulitoka Marekani mwaka huohuo wa 2016. Waamish na Wahutterite ni jamii mbili za wakulima, asili yao Ulaya, zenye nasaba zinazokaribiana sana, chakula kinachofanana na familia kubwa. Zote mbili hujiepusha na anasa za kisasa. Tofauti ni kwamba Waamish hulima kwa farasi, na zizi liko jirani ya nyumba, hali Wahutterite hulima kwa mashine na mifugo wao wako mbali. Watafiti walichukua damu za watoto 30 wa kila jamii na vumbi la nyumba zao. Pumu kwa Waamish ni takriban watoto 5 kati ya kila 100. Kwa Wahutterite ni 21. Vumbi la Waamish lilikuwa na mabaki ya bakteria mara 6.8 zaidi, na chembechembe nyeupe za watoto wao zilionyesha kinga iliyozoezwa mapema kutoshtuka ovyo.

Hii si ruhusa ya kuiacha nyumba chafu. Zizi la ng'ombe si mende wa jikoni, wala si ukungu wa ukutani. Funzo lake ni kwamba watoto wenye nasaba zinazofanana wanaweza kuwa na vifua tofauti kabisa kwa sababu ya mazingira waliyolelewa.

Hapa Kenya nako, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 uliwalinganisha watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a kwa kuwakimbiza na kisha kupima pumzi zao. Waliobanwa njia za hewa baada ya mbio walikuwa kama 23 kati ya 100 mjini na 13 kati ya 100 mashambani. Wengi wa watoto wa Nairobi wana mababu mashambani. Ukoo haukubadilika kwa kuhamia mjini. Kilichobadilika ni maisha na hewa.

Udi, jiko na mende wetu

Je, nyumba zetu za Pwani? Tunalo jambo ambalo New York hawana: chetezo. Nyumba hufukizwa Ijumaa, nguo hufukizwa kabla ya harusi, na mzazi na mwanawe hufukizwa katika siku arubaini. Harufu ya udi na ubani ni sehemu ya heshima ya nyumba, na si haki mtu kuja kutuambia tuitupe bila hoja.

Hoja yenye insafu imetoka kwa ndugu zetu wa Oman, ambao kwa bukhuri wanatushinda. Uchunguzi wao juu ya watoto wa shule, uliochapishwa mwaka 2009, ulitofautisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Kufukiza nyumbani hakukuonekana kuongeza idadi ya watoto wenye pumu. Lakini kwa mtoto ambaye tayari ana pumu, moshi wa bukhuri ulikuwa miongoni mwa vitu vinavyomwamsha kifua mara kwa mara. Kwa maneno mengine, udi hauonekani kuwa ndio uliomletea mtoto ugonjwa, ila unaweza kuwa ndio uliomwamsha jana usiku.

Basi hakuna haja ya kumlaumu bibi kwa desturi yake, na wala hakuna haja ya kumfukizia mtoto mwenye kifua. Chetezo kiwashwe mtoto akiwa chuoni au kwa jirani, madirisha yawe wazi, na moshi uishe kabla hajarudi. Nguo zake na mashuka yake yasifukizwe. Koili ya mbu nayo isiwashwe chumbani mwake. Chandarua humkinga na mbu bila moshi.

Jiko la mkaa na kuni ni jambo zito zaidi, maana huwaka kila siku na mama mjamzito ndiye ainamaye juu yake. Aliye na uwezo wa gesi na aitumie. Asiye na uwezo huo, kuliwasha jiko uani na kuliingiza baada ya makaa kushika hupunguza moshi wa ndani. Lakini chumba kilichofungwa kisilale na jiko la makaa hata kidogo, kwa kuwa gesi yake huua bila harufu. Maharagwe yakirowekwa usiku, moto huwa mfupi. Haya ni mambo ambayo mume pia ana sehemu yake, kwa pesa ya gesi na kwa sigara anayoizima.

Kuhusu mende, panya na vumbi, kuna ushahidi kwamba juhudi hulipa. Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika miji saba ya Marekani, kwa watoto 937 wenye pumu. Kwanza kila mtoto alipimwa ili ijulikane ana mzio wa nini hasa, kisha familia yake ikasaidiwa kuondoa kitu hichohicho: magodoro na mito kufunikwa, chakula kutoachwa wazi, nyufa kuzibwa, sigara kutolewa nje. Katika mwaka wa kwanza, watoto hao walipata takriban siku 21 pungufu za kusumbuliwa na kifua kuliko wenzao. Hakuna aliyebadilishiwa jeni. Iliyobadilishwa ni nyumba.

Lakini yapo ambayo fagio la mama haliyafikii. Moshi wa malori ya bandarini na taka zinazochomwa mtaani haviondoki kwa kufuta vumbi. Huko New York, wakaazi wa Harlem chini ya shirika la WE ACT walidai mabasi safi, nao watafiti wakawapa vipimo vya kuthibitisha madai yao. Mwaka 2018 jiji lilitunga sheria inayowalazimu wenye nyumba kuondoa ukungu, mende na panya katika majengo ya kupangisha. Hapa kwetu, kisa cha Owino Uhuru kimeonyesha kwamba damu iliyopimwa inaweza kusikizwa pale ambapo kilio kitupu hakikusikizwa.

Wakija kuiomba damu ya mtoto

Yote haya yamejulikana kwa sababu kuna akina mama waliokubali. Kwetu, kuombwa damu huamsha hofu ya zamani. Hadithi za mumiani, wanyonya damu waliosemwa kuzunguka usiku, wengi wetu tulizisikia tukiwa watoto. Hofu hiyo isichekwe, kwa kuwa damu ya mtoto kweli ni amana, na jeni zilizomo ndani yake zinaeleza habari za ukoo mzima.

Hata hivyo, kukaa kando nako kuna gharama. Hadi kufikia mwaka 2016, katika tafiti za jeni zilizofanywa ulimwenguni, takriban washiriki 81 kati ya kila 100 walikuwa wa asili ya Ulaya, na 3 tu wa asili ya Afrika. Dawa na vipimo vinavyotokana na tafiti hizo huelekea kuwafaa zaidi waliohesabiwa. Kilifi, ambako kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwa kikifanya utafiti tangu 1989, familia nyingi za Pwani zimeshatoa mchango wao katika elimu ya malaria na selimundu.

Mama akiombwa, ana haki ya kuuliza, na mtafiti mwema hataudhika. Damu kiasi gani, na ya nini? Itahifadhiwa miaka mingapi, na je, itapelekwa ng'ambo? Nitajulishwa matokeo ya mwanangu? Kamati gani ya maadili imeidhinisha kazi hii? Nikibadili nia, naweza kumtoa mtoto bila kunyimwa matibabu? Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data inazihesabu habari za afya na za urithi kuwa nyeti, zenye ulinzi wa pekee. Karatasi isisainiwe kwa haya wala kwa haraka, na baba wa mtoto akipatikana ni vyema washauriane.

Alama si hukumu

Ni muhimu pia kujua mipaka ya vipimo hivi. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kumwambia mama kwamba mtoto wake mchanga atapata pumu au hatapata. Alama nyingi kati ya hizi huonyesha yanayotokea kwa mamia ya watoto wakilinganishwa, na mtoto mmoja anaweza kuwa na alama zote za hatari akakua bila kikohozi. Pacha wa kufanana huzaliwa na jeni zilezile, na bado mmoja huweza kupata pumu na mwenzake asiipate. Basi anayeuza kipimo cha kutabiri pumu ya mtoto asiaminiwe.

Vilivyo na faida kwa mgonjwa leo ni vichache na vinajulikana: kupima nguvu ya pumzi, kipimo cha mzio cha ngozi au cha IgE, na kuhesabu eosinofili. Hivi humsaidia daktari kujua ni pumu ya aina gani na dawa ipi itafaa. Mama humsaidia daktari zaidi akienda na daftari aliloandika: mashambulizi yalikuja siku gani, saa ngapi, na nini kilikuwa kikiungua au kufagiliwa nyumbani. Dawa ya kuzuia iliyoandikwa itumiwe kila siku hata mtoto akiwa mzima, kwa kuwa kazi yake ni kutuliza uvimbe usioonekana. Ile ya kutuliza ndiyo ya wakati wa kubanwa. Na mtoto akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikizama kila avutapo pumzi au midomo ikibadilika rangi, ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Kwa wanaoketi kupanga posa, neno ni hili. Pumu katika ukoo ni habari ya kuelezwa waziwazi, kama vile kisukari au presha, ili watu wajue jinsi ya kuitunza nyumba ambamo watoto watazaliwa. Binti mwenye inhela mkobani anaijua dawa yake na anajua kinachomdhuru, na elimu hiyo atakwenda nayo kwa wanawe. Mavyaa atakayemwonea huruma, akamhamishia chetezo uani na kumkumbusha mwanawe wa kiume anunue gesi, atakuwa amewakinga wajukuu wake kuliko angehesabu mababu wote wenye kifua wa pande mbili.